Tikiti Mbili, Cherehani Moja

Ziwani, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mpenzi Mama Mutheu,

Hamjambo huko Kangundo? Mutheu na mdogo wake wanaendeleaje, na kile kikohozi cha Mama kimepungua? Mvua imenyesha, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima. Roho, soma utajua mwenyewe.

Nianze na lile baya nisije nikalikwepa. Cherehani niliyokununulia haiji Krismasi hii. Haikuibwa, nimeigawa mimi. Tafadhali usiichane barua kabla hujaimaliza.

Unazijua tikiti za bahati nasibu za harambee ya kanisa. Kila tikiti ina nambari tatu kati ya moja na ishirini. Siku yenyewe mchungaji anachomoa nambari tatu kikapuni, na mwenye tatu hizo, zifuatane zitakavyo, ndiye mshindi. Asipopatikana mtu, wanachomoa tena. Miaka mitano nimezitunga mimi kwa penseli, ndogo nikiitanguliza na kubwa mwisho, ili nikirudia nijishike. Na kila mwaka nimesimamishwa mbele nikapigiwa makofi. Mwaka ule ulionitembelea uliona.

Sasa mwaka huu ofisini kwetu ameletwa binti mmoja, Wairimu, na kanisa letu ni moja. Amesomea lugha ya kompyuta, ile ya watu wa takwimu. Akaandika mistari kumi hivi, akaitoboa kwenye kadi, akalilisha kadi hizo lile limashine la kompyuta la ofisi. Chai yangu haijapoa, karatasi ikatoka na tikiti mia mbili! Mimi zilikuwa zikinichukua wiki tatu. Mwenyekiti wa harambee akamsimamisha kanisani apigiwe makofi, akamwita "mwana wetu mwenye akili", na mimi akaniambia, "Sasa pumzika, bwana." Nipumzike! Nani alimwambia nimechoka?

Sitakuficha, wivu ulinikaba.

Halafu yeye mwenyewe akaniletea ile karatasi. "Mzee, niangalizie kabla hatujachapisha tikiti. Nimeiambia mashine isirudie." Mzee, mimi, na sijafika arobaini! Nikakaa nayo. Juu nikaona 4, 11, 17. Chini kidogo, 17, 4, 11. Mashine ilikuwa inaziona mbili tofauti, maana hakuiambia izipange kwanza ndipo ilinganishe. Nikapata nyingine, na nyingine. Nilipofika ya saba, Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu.

Nikamrudishia. Nikamwambia, "Ziko sawa."

Nilitaka tu aaibike kidogo. Nilidhani kutakuwa na kelele, watu wacheke, mwakani waniite tena.

Zawadi ya kwanza ilikuwa cherehani. Mchungaji akachomoa mara nne, hakuna mtu. Mara ya tano wanawake wawili wakaruka kwa shangwe, na mmoja wao ni Mama Kamene, jirani yangu hapa, yule mjane anayepinda nguo za watu kwa mkono kule Muthurwa. Mwenzake alifika mbele kwanza, akapewa. Mama Kamene akaambiwa tikiti yake ina hitilafu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Hitilafu ni yangu?" Wairimu akasimama mbele ya watu wote akasema kosa ni lake, akaomba msamaha huku sauti inamkatika. Mimi nilikuwa safu ya tatu, mikono mapajani. Sikuinuka.

Siku ya pili nilimpelekea Mama Kamene cherehani yako. Alinishika mikono akaniombea, akakuombea na wewe kwa jina. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ingeishia hapo, afadhali. Lakini leo mchungaji ameniita mbele. Akawaambia watu nimeacha haja za nyumba yangu kwa ajili ya mjane. Kanisa zima likasimama, na Wairimu naye, tena yeye alipiga makofi kuliko wote. Na mimi, Mama Mutheu, nikiwa nimesimama pale na uwongo wangu, nilikuwa nasikiliza kama makofi yangu yanazidi yale aliyopigiwa Wairimu siku mwenyekiti alipomsifu. Yalizidi. Nikafurahi. Ndiyo maana nakuandikia leo leo, kabla sijazoea.

Kesho nitamwambia Wairimu ofisini. Nimeanza na wewe kwa sababu ni chako nilichokitoa kulipia wivu wangu, na sikukuuliza.

Nisalimie Mama, na umwambie asiache ile dawa. Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na mwalimu wa Mutheu. Najua umeshawatangazia majirani kwamba cherehani inakuja. Wakiuliza iko wapi, usiwaambie nimesaidia mjane. Wasomee barua hii, na usiruke pale niliposema ziko sawa.

Ni mimi mumeo,
Baba Mutheu