Firmin, Bunia Haijasikia Bado Maneno Yako

Mwaka moja imetimia leo, Firmin, tangu ulituacha, na Bunia yote inakuja hapa nyumbani kusema ulikuwa mupole. Mupole! Weye? Ee Mungu wangu.

Homa ya utoto iliziba masikio yako yote mbili, lakini filme ulizipenda kuliko chakula. Ndani ya sale ya video ulikaa mbele kabisa, kalamu mukononi. Wengine walisikiliza, weye uliangalia sura. "Huyu analia na mudomo tu, macho imekauka," uliandika. Na ulikuwa na haki.

Kila siku ya posho, ile Jumamosi, miye, bibi yako, nilisoma kwenye redio kaye yako, ile daftari ya filme. Sasa usikasirike. Sikusoma vile uliandika. Miaka tisa! Vita ilikuwa imepoa tu, haikuzimika, na watu walichinjana juu ya neno moja. Weye unaandika "mupumbavu", miye ninasoma "ndugu yetu amejaribu". Watoto walijua, wakanyamaza.

Na ulinichosha! Ulirudi nyumbani na hasira, mikono inasema mbio: "Lucienne, hawa watu hawana haya? Ninawatukana redioni, wananipa soda!" Juma iliyofuata unaongeza pilipili, miye ninatoka jasho kuiondoa. Kichwa ngumu weye!

Halafu Hippolyte, kijana wa hapa Bunia, akatengeneza filme juu ya vita. Uliandika: "Watu wa upande ule amewafanya nyama ya pori. Hawana hata mama? Asirudie tena." Miye nikasoma: "Hippolyte aendelee." Naye akaendelea! Ya pili, ya tatu.

Jana alikuja hapa na machozi. Anataka kuandika mwanzoni mwa filme yake mupya: "Kwa Baba Firmin, aliyenikubali." Nilikosa pa kuweka uso.

Hapana. Jina yako haitabeba ile uongo. Kaye zako zote iko hapa chini ya kitanda. Posho hii, misa ikiisha, nitasoma redioni neno kwa neno, na nitaanza na ya Hippolyte. Nimemwambia mwenyewe. Akasema atakuja kusikiliza.

Unisamehe, bwana yangu. Niliogopa watakuua, ni hiyo tu. Sasa hawawezi tena, na miye nimechoka kuogopa.

Tunaokukumbuka ni miye Lucienne, watoto wako Davy na Elodie, na dada yako Geneviève, anayeniambia nisome polepole watu waelewe vizuri. Siye hatutakusahau hata siku moja. Na kuanzia posho hii, Bunia nayo haitaweza.