Kona ya Veranda

Kamenu, Thika

Wambui wangu,

Hamjambo huko Kisumu? Sisi tuko, Mungu anatuangalia. Ng'ombe amezaa, na goti la babu yako limepunguza kelele.

Lakini barua yako imenikasirisha! Eti paka wako mdogo, uliyemlea kwa chupa, aliyekuwa ameshazoea sanduku lake la choo, sasa anakojoa nyuma ya makochi, na jirani anakwambia umsugue pua kwenye mkojo? Jirani huyo mwenyewe alifundishwa choo hivyo?

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, nilifanya kazi kwa Wazungu, shamba la kahawa huko Ruiru. Nililea paka asiye na mama, nikimnyonyesha kitambaa chenye maziwa. Kila akishiba nilimweka kwenye sanduku la majivu konani mwa veranda, nikamshika mguu tukachakura pamoja, mpaka akawa anaenda mwenyewe. Siku moja wageni wakaja, Memsahibu, yule mama mwenye nyumba, akaamuru sanduku lipelekwe nyuma ya stoo. Paka akarudi kona ile ile, akajisaidia sakafuni. Akachapwa kwa kiatu!

"Paka mjinga," akasema Memsahibu.

"Si mjinga, Memsahibu. Amerudi alikofundishwa."

Akaniambia nifunge mdomo. Jioni nilirudi kwenye kijiji kipya tulichohamishiwa kwa lazima na serikali ya wakoloni wakati wa Mau Mau, nikamkuta mama yangu amesimama mlangoni, anatazama upande wa kwetu kwa zamani, ambako kurudi kulikuwa kosa. Hasira yangu ya siku ile haijapoa hata leo.

Kwa hivyo usimguse huyo paka. Kwanza niambie, Wambui: sanduku lake alilihamisha nani?

Ni mimi nyanya yako, shosho wako.