Waya Uliomtoa Halima Kazini

Yusuf, mwana wa kaka yangu,

Sianzi kwa kukuuliza hali, kwa sababu najua u mzima. Mtu aliyetoka Nairobi alikuona Eastleigh ukicheka na wenzako. Halima hacheki. Tangu kamati ya maji imfukuze kazi ya kuendesha pampu, anashinda nyumbani na watoto wake, na wanawake wanaochota maji humpita bila salamu, kana kwamba yeye ndiye aliyewanyima.

Unakumbuka mimi, adeer wako, yaani baba yako mdogo, nilivyokufundisha kazi ya mitambo ya kisima? Baba yako alikuwa amefariki, nami nilikuwa nimestaafu ualimu wa chuo cha ufundi. Ulichuchumaa mbele ya kabati la chuma pale kisimani, ukataka kushika bisibisi kabla ya kujua majina. Nikakuzuia. Nilikwambia kwamba kihisi ndicho kinachopima maji ya tangi. Kidhibiti ndicho kinachoamuru pampu iwake au izime. Swichi ya mtandao ndiyo njia panda ambapo nyaya zote hukutana, na kila ujumbe huelekezwa kwa mwenyewe. Mtandao wa ndani ni vifaa hivyo vikizungumza vyenyewe kwa vyenyewe, pasipo mgeni.

Ulipouliza anwani ya kila kifaa ni ya nini, nilikuuliza wewe: mama yako akiita "Mohamed" pale nyumbani, wanakuja wangapi?

"Wanne, adeer," ulisema, "na wa tano ni jirani aliyesikia harufu ya chakula."

Nilicheka siku ile, mimi nisiyecheka ovyo. Kisha nikakwambia kwamba sisi watu hutatua jambo hilo kwa majina ya utani, lakini mashine haijui utani. Vifaa viwili vikiwa na anwani moja, ujumbe hupotea. Ulirudia maneno hayo mpaka nikaridhika.

Basi ulijua. Mjinga ningemsamehe.

Kabla hujaenda Nairobi kazini, Dahir mwenye hoteli ya chai alikuomba intaneti, kwa kuwa kisima kina laini ya kupeleka taarifa ofisini mjini. Ukavuta waya kutoka kwenye swichi yetu, ukaupitisha dirishani, ukauchomeka kwenye ruta yake, kile kifaa cha kugawia intaneti. Hukujisumbua kuangalia ruta ile ilikuja na anwani gani. Ilikuwa na anwani ile ile ya kidhibiti cha pampu. Ujumbe wa tangi ukawa unakwenda kwa wanywaji chai. Pampu ikakaa kimya. Skrini ya Halima ikaganda ikionyesha kuwa tangi limejaa, naye akaiamini, kama sisi wenyewe tulivyomfundisha aiamini. Ngamia waliotoka mbali wakakuta mabirika makavu, wachungaji wakamtukana mbele ya umati, na kamati ikasema alilala kazini.

Niliufuata waya wako kwa mkono wangu hadi kwenye meza ya chai, kisha nikakupigia simu. Ulinijibu kwamba jirani akiomba moto hanyimwi. Kweli, hanyimwi, lakini moto wa jikoni kwako ni wako. Ungempa Dahir kitanda chako, ungempa simu yako, na nisingesema neno. Pampu ile ni makoo ya watu na wanyama. Nani alikupa ruhusa ya kuikaribishia mgeni? Ndipo ukanong'ona, "Adeer, usinitaje. Huku kazini bado wananijaribu." Ukazima simu. Mpaka leo imezimwa.

Wazee wa kamati nimewaeleza yote. Hawakunibishia. Walisema tu kwamba kwa desturi yetu mtu hashtakiwi akiwa hayupo, isipokuwa ndugu wa ukoo wake akisimama mahali pake na kuibeba lawama. Wewe umejificha ndani ya desturi hiyo, huku mama wa watoto akiitwa mzembe.

Watakutana tena Ijumaa baada ya swala. Nitasimama mimi, mdogo wa baba yako, niseme kosa ni letu na Halima arudishiwe kazi yake. Mama yako atakuwepo, upande wa wanawake. Basi la Alhamisi lipo. Ukifika, nitaketi, useme mwenyewe. Usipofika, nitasema, na siku utakayorudi Garissa usianzie kwangu. Anzia mlangoni kwa Halima, na akikufungulia, ndipo uje.

Mungu akufikishie maneno haya kabla ya Alhamisi.

Ni mimi, adeer wako.