Mama na Wageni Wake

Jumatano usiku

Nshachoka. Asubuhi mama alikuwa akilia mguu unamuwaka moto. Alasiri majirani wakaja kumkagua, kacheka nao mpaka kanga ikamteleza kichwani. Mmoja wao, Bi Zuwena, alipokuwa akiaga akaniambia mlangoni, "Mbona mzima mamako." Walipoondoka tu, kilio kikaanza upya.

Nikampigia simu daktari wake. Kwa kweli nilitaka aseme mama anajidai kuumwa.

Akasema hajidai. Mshipa wa fahamu uendao mguuni umebanwa mgongoni, hilo halina shaka. Lakini mtu akifurahi ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, na ndani ya uti wa mgongo mna vipokezi vyake. Baadhi vikiipokea, hupunguza maumivu kabla hayajafika kichwani. Vyengine huenda vikayazidisha, na wataalamu bado wanavichunguza.

"Kwa hivyo wageni wakija, inawezekana kabisa anapata nafuu ya kweli," alisema.

Nikabaki jikoni na simu mkononi. Wageni wanampa furaha. Mimi mwanawe nampa vidonge, uji, na uso uliokunjana.

Baada ya isha nilimpelekea dawa, nikataka kutoka kama kawaida. Nikajilazimisha kukaa kitandani kwake. Nikamhadithia namna wifi yangu alivyounguza biriani ya shughuli.

Mama akanisogezea mto.

"Kaa vizuri," akasema. "Miezi yote hii sijakusikia ukizungumza."