Walikuja Kumwulizia Macho

Alhamisi, Buyenzi. Mvua ya asubuhi imeacha matope meusi ya oili mbele ya duka, halafu jua likatoka kali kana kwamba hakuna kilichotokea. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Niseme kwanza, kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa salamu ndefu, nasubiri ombi. Mteja akilisifu duka langu, nakagua filta za oili akishatoka. Duka hili la vipuri vya magari alituachia baba, mimi na kaka yangu Seif. Kushuku aliniachia mama, peke yangu.

Lakini hata asiye na mama kama wangu, akikaa mtaa huu atajifunza. Hapa kwetu mgeni akiuliza jina la mtu, jibu la kwanza ni "simjui", hata kama anayeulizwa ni ndugu wa toka nitoke na kasimama hapo hapo anakunywa chai. Sisi hatuuoni kuwa uongo. Tunauona ni adabu ya kulindana. Watu wamepita mengi, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa, huyo Macho.

Jina lake ni Baba Neema. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alikimbia vita kwao, akapanga Gatumba, maji ya mafuriko yakamtoa na huko, na tangu hapo anafanya kazi kwenye baraza la duka langu. Tunamwita Macho kwa sababu ya ukelele wake. Kabla hajawasha moto wa kuchomelea, ule mwanga unaounguza macho, anapaza sauti: "Macho!" Mtaa mzima unageuza uso. Mafundi walio chini ya magari wanageuka, wanawake wenye mabeseni kichwani wanageuka, watoto wanaokwenda madrasa wanajifunika na mashungi yao. Na yeye hawashi mpaka wa mwisho amegeuka. Mgeni akibaki ameduwaa anatazama, sisi wenyewe tunamzomea.

Ni mtu wa kero, nisifiche. Kila upande wa baraza ameweka pipa la mchanga, mpaka wateja wangu wanapita kiubavuubavu. Hakuna kuvuta sigara karibu yake. Kuna tajiri mmoja aliyekuja na gari la kuchomelewa tangi, Baba Neema akamrudisha kwa kuwa tangi halijakaushwa petroli vizuri. Nilimwambia anafukuza riziki. Akanijibu kwamba riziki haimtafuti maiti.

Kiangazi kilichopita, matambara yenye petroli yalishika moto kwenye gereji ya jirani. Sisi tulikuwa bado tunapiga mayowe, yeye keshamwaga pipa la kwanza la mchanga na anakwenda kuchukua la pili. Moto ukafa pale pale. Mtu fulani alirekodi kwa simu, ile video ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na tulichokiona sisi ni kichekesho tu: mimi nikikimbia nimekumbatia boksi la taa za gari, pochi yangu nimeiacha ndani. Tukacheka, tukasahau.

Juzi Jumanne wakaja watu wawili.

Mwanamume alikuwa na shati la mikono mirefu na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga Buyenzi. Mwanamke alikuwa amevaa kadi shingoni, na kadi yenyewe imegeukia ndani, maandishi yanatazama kifua chake. Nikaiona hiyo kadi kabla sijamwona mwenyewe. Mtu mwema anaficha jina lake kwa nini?

"Amahoro, mama," akasema yule mwanamume. "Tunatafuta mutu moja banamwita Macho. Wametuambia ndiye wa umutekano hapa."

Wenye kamusi watasema umutekano ni usalama, na usalama ni kofia ngumu, glavu na pipa la mchanga pia. Wenye kamusi hawakai mtaani kwetu. Hapa, ukisema kwa Kirundi, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, mtu wa usalama ni yule anayetaka kujua jana kwako amelala nani. Ukiongeza na jina la Macho, ndiyo kabisa. Macho ya nani? Yanamtazamia nani? Baba Neema ana karatasi zake za ukimbizi, kila mara anazifanyia upya, lakini aliyekimbia hata umpe karatasi za kutosha kuezekea nyumba, moyo wake hautulii.

"Ule mutu ashaenda," nikajibu, sikutikisika hata kope. "Alirudia kwabo Uvira. Kitambo."

Mama Zaina, mkaanga mandazi wa hapo kona, akadakia bila kuulizwa: "Na bibi yake naye wakaenda pamoja."

Mke mwenyewe wa Baba Neema alikuwa amesimama mbele yake, mkono uko ndani ya bakuli la mandazi.

Wakauliza mafundi. Mmoja akasema yeye ni mgeni, na amezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Mwingine akasema jina la Macho ndiyo kwanza analisikia. Na Macho alikuwa wapi? Dukani kwangu, nyuma ya maboksi ya breki, amepiga magoti, ngao yake ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso. Nilimwona kwa pembeni.

Yule mwanamke akasema ni bahati mbaya. Akayatazama mapipa ya mchanga kwa muda, akayapiga picha, wakaondoka.

Tulijiona majemadari! Mama Zaina akagawa mandazi ya bure, jambo ambalo hata siku ya Idi halifanyi. Baba Neema akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mama Asha, Mungu akubariki. Nilizani leo ni mwisho." Nikarudi nyumbani natembea kama niliyeokoa nchi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia leo mchana.

Kaka Seif amekuja dukani. Anakaa Mutanga Nord, kwa wenye nafasi, na huwa haji mpaka matope yakauke, kwa hiyo nilipomwona na viatu vyake leo nikajua kuna jambo. Niseme kuhusu yeye na Baba Neema. Seif anataka atoke barazani, siku nyingi. Anasema duka lina oili ndani na cheche nje, na siku moja tutaokota majivu ya duka la baba. Si mwoga wa bure, hapo namwelewa. Mara ya mwisho tulipogombana tulikubaliana asubiri, mimi nimwonyeshe kwamba huyu mtu ni wa kuaminika. Nimwonyeshe kwa kitu gani lakini? Kaka yangu haamini neno, anaamini muhuri.

Amefika anatabasamu. Akaniambia jirani yake ni mkubwa kwenye kampuni moja ya bima, na kila mwaka kampuni hiyo inatoa zawadi kwa makampuni na watu binafsi waliolinda maisha ya wenzao kazini na mitaani.

"Mwaka huu balikuwa banataka kumupa prix ule fundi wako soudeur," akasema. "Juu ya ile video ya moto. Kukuja hapa, banaambiwa alihama. Sasa dada, kama alienda, mbona hukuniambia? Ile nafasi yake ya barazani nishaipa mutu wa matairi. Ataanza Jumatatu."

Sikupata hata nafasi ya kumeza mate. Nje, kutoka chini ya gari ambako Seif hakumwona mtu alipopita, sauti ikapanda: "Macho!"

Na kaka yangu, mtu mzima mwenye tai, akageuza uso ukutani na kufumba macho. Kazaliwa mtaa huu. Mwili wake ulitii kabla ya akili yake. Alipofumbua, cheche zimekwisha, akanitazama mimi.

"Kumbe iko?"

Iko.

"Ulidanganya batu ba prix?"

"Sikujua ni batu ba prix, kaka. Walisema umutekano."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikaa juu ya boksi, akajipangusa shingo, akasema taratibu kwamba na yeye angejibu vile vile. Lakini neno alishalitoa kwa mtu wa matairi, na hawezi kulirudisha kwa sababu tu dada yake kasema. Wale wa bima wakitamka wenyewe kwamba Baba Neema ni mtu wa usalama wa kweli, atalirudisha. Bila hivyo, Jumatatu aondoke. Baba Neema hana baraza lingine, na kwa kazi ya moto hakuna mwenye duka mtaa huu atakayempokea.

Na hii zawadi yenyewe bado naishuku. Nimeona picha za miaka iliyopita kwenye simu ya Seif. Wakurugenzi wamesimama na vyeti, kofia za kazi zinang'aa kama sahani za wageni, hakuna hata moja yenye mkwaruzo. Na hilo jambo lenyewe la kumtuza mtu kwa moto ambao haukuunguza kitu, lini limetokea? Kwetu anasifiwa aliyeokoa mtoto kwenye nyumba inayoungua. Aliyefanya nyumba isiungue tunamwita kero.

Nilikuwa wa kwanza kumwita hivyo.

Kuhusu ile kadi ya yule mwanamke, nimeifikiria mchana kutwa. Jibu la aibu ni kwamba kadi za shingoni hugeuka zenyewe.

Alasiri nilimwambia Baba Neema yote. Sikupunguza kitu: zawadi, uongo wangu, matairi, Jumatatu. Alizima mashine, akavua glavu, akaziweka juu ya pipa la mchanga. Nikamwuliza kama angeitaka hiyo zawadi.

"Prix sitaki," akasema. "Kupanda kule juu, banipige picha, picha iende mpaka sijui wapi? Apana. Fasi ya kazi ndiyo nataka."

Nikamwambia nitakwenda kwenye ofisi yao kesho, nikawaeleze.

"Utabaambia nini, Mama Asha? Juzi ulibaambia nilienda. Kesho utabaambia niko. Bataamini ya juzi ao ya kesho?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kwa kweli, kama anavyouliza kila mara kama tangi limekaushwa. Maisha yangu yote nimekuwa nikipima maneno ya wengine, nikiyageuza kama noti ya wasiwasi, na siku moja haijanipitia akilini kwamba na langu litapimwa.

Mama Zaina ana shauri lake. Anasema twende mtaa mzima, tukapige kelele mlangoni kwao. Hapana. Mtaa mzima ndio uliosema haumjui.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kesho, kabla ya swala ya Ijumaa, nitakwenda peke yangu. Nitawaomba waje wao kwake, wamwone akiwa kazini, wamwambie kaka yangu walichokiona, basi. Jukwaa na picha wawaachie wakurugenzi. Najua watakachoniuliza: wewe ni nani, na tutakuaminije? Hapo hakuna hila. Itabidi nitoe kitambulisho niweke mezani. Jina langu, jina la baba, namba ya nyumba. Nitie saini kwamba namjua Baba Neema, kwamba jana na juzi na mwaka jana alikuwa kwangu, na kwamba mimi ndiye niliyedanganya.

Mtaani kwetu hakuna anayeacha jina lake ofisini kwa ajili ya mtu mwingine. Humu ninamoandika mnanijua kama Mama Asha, na Buyenzi nzima kina Mama Asha wamejaa. Nimejificha vizuri humo.

Naogopa. Naliandika hili wazi ili nisije nikalibadilisha kesho asubuhi. Sehemu ya moyo wangu bado inaniambia Jumanne niliona sawasawa, kwamba hakuna bima wala zawadi, na kwamba jirani wa kaka yangu ni mtu wa kuulizia watu.

Inawezekana. Kama ni hivyo, watakuwa na majina mawili, la Baba Neema na langu, na hatakuwa peke yake.