Nyumbu wa Marekani na Kaka Yangu Mlimani

Jumanne, 13 Aprili 1948

Nimepata kazi! Mkalimani wa Mista Hadley, Mmarekani wa misaada hapa Ugiriki. Kiingereza alichonifundisha shangazi, alichorudi nacho kutoka Chikago, leo kimenifaa.

Hotuba yake ya kwanza uwanjani, mbele ya kanisa. Ati Marekani inatuletea nyumbu wa kulimia, wale wazao wa punda na farasi, ili tushibe, maana mtu aliyeshiba hawafuati wakomunisti. Ati nia ni kuuzuia ukomunisti usienee zaidi ya pale ulipo. Neno lake la Kiingereza, “containment”, sikulipatia Kigiriki chake. Nikasema: wanataka kuuzungushia ua.

Bibi Malamo, jirani yetu, akadakia hapohapo: “Ua huo atajenga nani, mjukuu wangu? Wanaume wote wako vitani!”

Uwanja mzima kicheko. Mista Hadley naye akacheka, ingawa hakujua anacheka nini.

Alhamisi, 15 Aprili

Siku ya fomu. Kila mwenye nyumba anaulizwa: una ekari ngapi, wanyama wangapi, na je, kuna mtu wa kwako aliye na waasi wa kikomunisti? Akiwepo, hupati nyumbu. Mimi natafsiri, Mista Hadley anaandika. Kapteni Vrettos wa polisi alikuwepo, lakini ilipofika saa sita akaenda kula maharage yake. Kwaresima hii hata polisi hawaonji nyama.

Hapo ndipo zamu ya Baba ikafika. Baba na ukweli wake! Akavua kofia, akasema kwa sauti kubwa: “Mwanangu Stratis yuko mlimani na waasi. Mwaka na nusu sasa.”

Waliokuwa kwenye foleni wakanigeukia. Mista Hadley ananingoja, kalamu mkononi.

Nikasema: “Ana mwana mmoja. Yuko mlimani, anachunga.”

Akaandika. Nikaita anayefuata.

Jumamosi, 17 Aprili

Tumepata nyumbu! Jike, refu kama mlango wa kanisa, masikio kama makasia. Kigiriki hajui hata neno. Baba anamwambia simama, yeye anakwenda. Anamwambia nenda, yeye anakula maua ya jirani. Ikabidi nisimame shambani na gauni langu la kazini nikipiga kelele za Kiingereza. Bibi Malamo ameshakariri. Mumewe akielekea kilabuni, anampigia “Woo! Woo!”, yaani simama.

Shamba la juu limelimwa lote. Miaka mitatu halikuguswa. Baba aliinama akanusa udongo, akadhani simwoni.

Alhamisi, 22 Aprili

Barua ya Stratis! Mke wa mchunga kondoo kaileta imefichwa ndani ya bonge la jibini. Mwandiko wake uleule, kama kuku kaparua. Amechoka. Anasema wakubwa zake wanahutubu kutwa, chakula hakuna, na hajui tena anapigana na nani. Anataka kushuka ale Pasaka nyumbani. Anaogopa akionekana tu polisi watampiga risasi kabla hajafungua mdomo.

Baba kasoma mara nne. Kisha kaenda kumpiga nyumbu brashi, anapiga mluzi. 

Nani wa kumzuia kapteni? Mmoja tu namjua. Na huyo nilimdanganya.

Jumatatu, 26 Aprili

Nimemwambia Mista Hadley. Yote. Fomu, Stratis, barua. Nikangoja anifukuze.

Akauliza kwa nini nilidanganya. Nikajibu: nilitaka Baba alime.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha: “Bi Anthi, nimevuka bahari nzima kuja kuwazuia wakomunisti. Leo mmoja anataka kujizuia mwenyewe. Mimi ni nani nimkatalie?”

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Aibu tupu!

Lakini ana masharti. Atamwandikia kapteni barua, na hataandika uongo. Uongo wangu utakuwemo. Na mkalimani ni mimi.

Alhamisi, 29 Aprili

Naandika kwenye benchi ukumbini, nje ya mlango wa ofisi ya kapteni. Vidole vyekundu, nimetoka kupaka mayai ya Pasaka rangi.

Kapteni, asiyejua Kiingereza, aligeuza barua huku na huku, akanirudishia. “Soma, binti. Kwa Kigiriki.”

Mstari wa kwanza: Stratis yuko tayari kuja na bunduki yake, naomba apokewe salama. Wa pili: mkalimani wangu alinidanganya kuhusu kaka yake. Ningeweza kuuruka. Nani angejua? Nikausoma. Nikausoma mpaka mwisho, na wa tatu pia: alikuja kuniambia kwa hiari yake, na bado namwamini.

Kapteni akainua kichwa. “Rudia huo wa pili.”

Nikarudia.

Akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Sasa anaongea na mkubwa wake kwenye simu. Namsikia akitaja jina letu, anasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Halafu kacheka! Cheko la nini hilo?

Baba yuko kwenye ngazi za nje. Amekuja na viatu vya Stratis, amevipaka rangi mpaka vinang'aa. Amenichungulia dirishani, ananiuliza kwa mikono: vipi?

Nimemwonyesha angoje.

Simu imewekwa chini. Nyayo zinakuja —