Dereva Aliyeandikwa kwenye Bima

Binti yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu, mimi na mama yako. Tunaomba barua hii ikukute mzima, wewe na huyo mjukuu aliye njiani, na miguu iwe imepunguza kuvimba. Sisi hatujambo. Magoti yangu yanalalamika kama kawaida, lakini siyasikilizi.

Ulinisihi nikate bima ya gari kabla hujafika, kwa kuwa nilikuahidi kwamba nitakupokea stesheni mimi mwenyewe, na siku ikiwadia nitakukimbiza hospitali. Bima nimekata. Ila kuna jambo, na nitalieleza kwa mpangilio. Unajua baba yako hawezi kuanzia katikati.

Tulikwenda kwa wakala, yule mama wa vicheko ambaye mtaa mzima unamwita Mama Bima. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vioo, chenye dirisha pana linalotazama barabara. Nikamwambia nataka bima ndogo. Akasema, mwalimu wangu, bima ndogo inamlipa yule utakayemgonga tu. Gari lako likipondeka utalia peke yako. Bima kubwa inawaangalia nyote wawili. Maelezo yalikuwa safi, hayakuhitaji nyongeza, ingawa niliongeza kidogo. Mama yako akanikanyaga mguu.

Tukachukua kubwa. Akauliza kama gari ni la biashara au la nyumbani, linalala wapi, na nani ataliendesha. Nikajibu kwa sauti ya darasani kwamba ni mimi. Hapo akafanya analomfanyia kila mteja mwenye mvi: akanisogeza dirishani, akaniomba nimsomee kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Nikasoma bila kusita: Duka la Dawa, Karibuni Wote.

Mama Bima akaangua kicheko mpaka akashika meza. Mama yako akaniambia, mzee wangu, duka la dawa lilihama zamani; pale sasa ni kwa kinyozi, na kibao kina picha ya kichwa kikubwa kama gunia.

Mwanangu, sikudanganya. Nilisoma kwa kumbukumbu na nikaamini nimeona. Papo hapo nikatambua kwamba hata barabarani ndivyo ninavyoendesha siku hizi. Kona naijua ilipo, tuta nalijua lilipo. Lakini mtoto akikatiza ghafla, huyo hayumo kwenye kumbukumbu.

Wakala alifuta machozi akanieleza taratibu, bila kunidhalilisha, kwamba kampuni ikigundua dereva alificha hali ya macho yake, inaweza kukataa kulipa. Na hata ikilipa, aliyegongwa amekwishagongwa. Nikakufikiria wewe na tumbo lako kwenye gari hilo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikutaka kukuambia kwa simu. Wakati nimeinamisha kichwa, mama yako alifungua mkoba akaweka mezani leseni ya udereva. Yake! Asubuhi zote nilizodhani yuko kwa fundi cherehani, alikuwa shule ya udereva. Alianza siku niliyokwaruza geti kisha nikaligombeza geti. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba alikuwa akingoja niulizwe na mtu nisiyeweza kumsahihisha.

Kwa hiyo ahadi yangu naivunja. Dereva aliyeandikwa kwenye bima ni mama yako, na ndiye atakayekupokea. Anaendesha polepole, lakini vizuri, na anaona kila kitu, pamoja na nisivyotaka avione. Mimi nakaa nyuma. Kiti cha mbele nimefukuzwa, kwa sababu mguu wangu ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. Ukija, kaa wewe mbele, nami nitapakata mizigo.

Msalimie mkwe wangu, na umwambie asikuache ubebe ndoo. Ningeandika zaidi, lakini leo nina miadi na daktari wa macho, na dereva wangu ameshapiga honi mara mbili.

Akupendaye,
Baba yako, abiria